UZI: Kusoma alama za wanyama wa kwato mwisho wa kiangazi, ili ujue pa kukaa na kuvizia

#1 Mfuata_Nyayo

Assalaam aleikum wadau, na habari za jioni kwa nyote.

Kila ikifika mwezi wa pili na wa tatu, jua la kaskazi likishababua majani ya bondeni, naulizwa swali lile lile: "Ami, hao palahala wa Shimba Hills wapo kweli?" Wapo. Palahala ni swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, na kwa Kenya nzima wamebaki porini kwenye hifadhi hiyo tu ya Kwale. Tena si mbali, ukivuka feri ya Likoni au ukipita Dongo Kundu ni kilomita 33 hivi kutoka kisiwani Mombasa. Shida ni kwamba mtu huingia na gari akazunguka barabara zote kwa papara, na saa tano mchana anatoka analalamika kuwa ameona nyani peke yao. Kipindi hiki mnyama hatafutwi kwa kuzunguka. Soma alama, chagua pahali, kaa.

Niliseme hili mapema: nazungumzia kuvizia kwa macho, darubini na kamera. Uwindaji nchini ulipigwa marufuku mwaka 1977, na biashara ya ngozi na pembe ikafuata kufungwa 1978. Sheria ya wanyamapori ya 2013 nayo ina adhabu nzito. Mwenye mtego wa waya hana nafasi kwenye uzi huu. Lakini elimu yenyewe ni ya wawindaji, hilo tusilikatae. Waata, jamii ya wawindaji waliokuwa wakiwinda tembo upande wa Tsavo kwa pinde ndefu na mishale ya sumu walikuwa wakisoma ardhi kwa namna ambayo wengi wetu hatutaifikia. Uwindaji umekwisha, na sioni sababu ya elimu ile kupotea pamoja nao.

Haya, tuanze na tumbo. Kabla hujatazama unyayo hata mmoja, jiulize: mnyama huyu leo anakula nini, na anakunywa wapi? Majani yakiwa tele kila mahali, mnyama yuko kila mahali, na alama zake zimetapakaa hazikupi jibu. Kiangazi kikikomaa, chakula kinabaki vipande vipande, na wanyama nao hujikusanya kwenye vipande hivyo. Hapo ndipo alama zinapoanza kukufaa.

Palahala ni mla nyasi. Milima ya Shimba hupata ukungu na unyevu wa bahari, kwa hiyo haikauki kama nyika ya Kinango, lakini hata huko nyasi kuukuu huwa ngumu na hazina ladha. Tafuta penye machipukizi: pale palipoungua au palipochomwa na wasimamizi wa hifadhi, nyasi changa zikishatokeza juu ya weusi, na mabonde yenye chepechepe. Kuro, swala mkubwa, haachani na maji. Anahitaji kunywa mara kwa mara, na ukikuta njia yake iteremkayo mtoni utamjua hata kwa pua, maana ana mafuta mwilini yenye harufu kali inayoshika kwenye majani alipolala. Pongo, swala mdogo kuliko kuro, hula majani ya vichaka na hupenda ukingo, pale msitu unapokutana na uwanda. Funo na paa, swala wadogo, wako ndani ya msitu. Hawa wafuate kwa masikio: ukisikia kima au hondohondo wanakula matunda juu ya mkuyu, tazama chini, kwa sababu funo hupita kuokota yanayoanguka.

Ukishajua chakula, sasa tafuta alama mbichi. Nasisitiza mbichi. Alama kubwa na nyingi huvutia macho, na watu wengi huenda kukaa penye alama nyingi za mwezi uliopita.

Mavi ya jamii ya swala yakiwa mapya hung'aa kwa ute, na ukiyapasua kwa kijiti ndani ni kijani kibichi. Baada ya saa chache za jua nje hukauka lakini ndani bado kuna unyevu. Yakiwa ya kahawia mpaka katikati, na ukiyafinya yanasagika, hayana habari ya leo. Mchwa wakishayajengea udongo, endelea na safari. Angalia pia kama yako kivulini au juani, maana kivulini hukawia kukauka na yanaweza kukudanganya.

Unyayo mpya kingo zake ni kali, na mchanga wa ndani ni mweusi kidogo kuliko wa nje kwa sababu ya unyevu uliofukuliwa. Jua na upepo hulegeza kingo zile, chembe zikaporomokea ndani. Na Shimba kuna kipimo kizuri zaidi. Usiku ukungu ukishuka, matone hudondoka kutoka kwenye matawi na kuacha vitobo vidogo sana kwenye vumbi la barabara. Inama utazame. Ukikuta vitobo ndani ya unyayo, mnyama alipita kabla ya matone, yaani jana au mapema usiku. Ukikuta unyayo umevikanyaga vitobo na kuvifuta, amepita alfajiri hii, na huenda hata hajafika mbali. Kwa hiyo wahi asubuhi, kabla magari hayajapita juu ya habari zote.

Jambo la tatu ni njia. Mnyama ana pa kulala na pa kula. Ukikaa juu ya chakula chenyewe, mara nyingi anafika giza limeshaingia. Ukisogea mno kwenye maficho yake, utamkurupusha na hatarudi leo. Kaa katikati, kwenye njia, karibu kidogo na maficho kwa asubuhi na karibu kidogo na chakula kwa jioni. Njia inayotumika sasa utaijua: udongo umelainika, majani ya pembeni yamelala upande mmoja, na hakuna utando wa buibui uliokatiza. Utando mzima saa 12 asubuhi una maana hakuna aliyepita kwa kimo kile usiku huo.

Kuhusu kutembea, ndani ya hifadhi huteremki kwenye gari upendavyo. Njia ya kwenda Maporomoko ya Sheldrick hutembewa pamoja na askari wa hifadhi. Nendeni naye, muulizeni maswali. Huyo anapita pale kila siku na anajua lipi ni la jana na lipi ni la leo. Na mavi ya tembo yakiwa bado na joto, askari akisema turudi, mnarudi.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 Bin_Kisauni

Maalim umefungua darasa. Naomba kuuliza la mwanzo kabisa: kwato za ng'ombe na za wanyama hawa nitazitofautisha vipi? Maana upande wa Kwale mifugo nayo iko mingi pembeni.

#3 Mfuata_Nyayo

Ng'ombe ana unyayo mpana, wa mviringo, ncha butu. Kuro na palahala ni wakubwa lakini unyayo wao ni mrefu zaidi kuliko upana, na ncha zimechongoka kuelekea anakokwenda. Pongo ni mdogo, mwembamba, na mara nyingi yuko peke yake, kwa hiyo ukikuta nyayo ndogo za kundi zima zimepangana barabarani, fikiria mbuzi wa watu kwanza. Akitembea kwa utulivu kwato mbili zinakaa pamoja. Akikimbia zinapanuka na udongo unarushwa nyuma. Njia yenye nyayo zilizopanuka ni ya kukimbilia, usiichague kukaa.

#4 Mvita_Baridini

Salaam kutoka Minnesota. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, na huku nilipo uwindaji ni halali kwa leseni, kwa msimu na kwa idadi. Msimu wa mishale hufungwa tarehe 31 Desemba, theluji ikiwa tayari chini. Niongeze ninayoyajua ya kulungu wa huku, yule mwenye mkia mweupe, kwa sababu kanuni ya ami hapo juu ni ile ile, ila huku adui ni baridi badala ya kiangazi.

Dume wa huku huacha alama mbili kubwa. Ya kwanza ni mti uliosuguliwa kwa pembe hadi gome likatoka. Ya pili ni mahali alipoparua ardhi kwa kwato, akakojoa, na juu yake pana tawi ambalo amelisugua kwa uso na kulitafuna ili liache harufu. Alama hizi hushamiri kabla ya majike kupata joto la kupandana, na kupandana kwenyewe hufikia kilele katikati ya Novemba. Ndiyo maana mwezi wa kumi zina thamani kubwa. Ikifika mwisho wa Desemba zile paruzi nyingi zimeachwa, zimejaa majani makavu na theluji. Mtu anayekaa juu yake anavizia mambo ya Oktoba.

Dume anatoka kwenye msimu wa kupandana amekonda. Majuma yale halali wala hali sawasawa, na anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake. Halafu baridi inakaza. Basi hana jingine la kutafuta ila chakula na joto: mahindi yaliyobaki shambani, soya, na kokwa za mwaloni ambazo huparua theluji kuzifikia. Kulala, huchagua mteremko unaotazama kusini, kwa sababu huko ndiko jua la majira ya baridi linakopiga, au kwenye misonobari minene inayozuia upepo. Upande wa kaskazini kwenye theluji nzito wakati mwingine hujikusanya kwenye vinamasi vya miti ya mierezi na kukaa huko wiki kwa wiki.

Alama ya kutazama ni matawi yaliyoliwa. Kulungu hana meno ya mbele ya juu. Hushika kijiti kati ya meno ya chini na ufizi, akavuta, kwa hiyo ncha inabaki imechanika, nyuzi zinaning'inia. Sungura hukata mshazari safi, utafikiri kisu kimepita. Ncha iliyochanika ikiwa nyeupe na mbichi, amekula usiku wa jana. Ikishageuka kijivu, ni ya zamani. Na malazi yake kwenye theluji yanaonekana wazi, shimo la duara refu lililoyeyuka kwa joto la mwili. Madogo kadhaa pamoja ni majike na watoto wao. Kubwa moja pembeni, hapo ndipo moyo unadunda.

Huko kwetu hamna theluji, lakini hilo la meno litawafaa. Palahala, pongo, hata mbuzi wa Likoni, wote hawana meno ya mbele ya juu.

#5 Mfuata_Nyayo

@Mvita_Baridini Mola akuzidishie ndugu yangu. Hilo la tawi lililochanika ndilo nililotaka kulifikia kwa pongo. Ukingo wa msitu wenye vichipukizi vilivyochanika, weupe wa ndani bado unaonekana, kwa kimo cha kiuno au chini yake, ni pahali pa kuwekea darubini jioni.

#6 Bi_Mwanasha

Kaka Mfuata, ahsante kwa uzi. Mimi hupiga picha. Karibu na Giriama Point, hapo Shimba Hills, kuna kichaka kimevunjwavunjwa, gome limechubuka, vijiti vimetapakaa chini. Dereva aliniambia ni palahala dume. Je, hapo ni pa kukaa?

#7 Mfuata_Nyayo

Dada Mwanasha, swali zuri sana, na linaungana na alilosema ndugu wa Minnesota.

Kwanza hakikisha si tembo. Tembo huvunja juu na chini, hula alichovunja, na hawezi kupita kimya bila kuacha mavi yake makubwa. Palahala dume huchapa kichaka kwa pembe. Vijiti vinapindwa na kuachwa chini bila kuliwa, gome linachubuka kwa mistari, na mara nyingi ardhi ya chini ina kwato zilizochimba. Ikiwa ndivyo ulivyoona, dereva wako amesema kweli.

Dume yule mweusi ana eneo lake analolilinda, na kichaka hicho ni tangazo kwa madume wengine. Kwa hiyo alama inakwambia una bwana wa eneo hapo. Haikuambii yuko sehemu gani ya eneo leo. Tofauti na kulungu wa Marekani ambaye pembe zake huanguka kila mwaka zikaota upya, palahala pembe zake ni za kudumu, na anaweza kuchapa vichaka wakati wowote. Hivyo tazama majani ya vile vijiti. Yakiwa bado kijani na utomvu unanata, dume yuko jirani. Yakiwa yamekauka na kuwa ya kahawia, kitumie kichaka kama mpaka tu: zunguka kwa gari taratibu ukitafuta machipukizi yaliyo karibu zaidi na hapo. Majike, wale wa rangi ya hudhurungi, watakuwa kwenye machipukizi, na dume atakuwa karibu nao akiwachunga wasivuke kwenda kwa jirani. Kipindi hiki fuata majani ya majike, dume utampata huko huko.

#8 Kijana_wa_Bamburi

Wadau, sisi tusio na gari wala hela ya kuingia hifadhini kila mara tujifunzie wapi?

#9 Mfuata_Nyayo

Mdogo wangu, uko Bamburi halafu unauliza? Haller Park iko hapo mlangoni. Lile lilikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu, kazi ya kupanda miti ikaanza 1971 kwa mivinje, na leo kuna kuro na swala wengine wakubwa, pofu na choroa. Wanyama wenyewe utawaona bila kuvizia, na hiyo ndiyo faida: unamwona kuro akipita, akiondoka unautazama unyayo wake ukiwa na uhakika ni wake, mpya wa dakika hiyo. Kisha zunguka, urudi baada ya saa mbili utazame umebadilikaje. Jua limefanya nini kwenye kingo? Sisimizi wameshapita juu yake?

Na mbuzi wa mtaani wasikupite. Tazama wanavyochana majani ya ua, tazama mavi yao asubuhi na uyarudie adhuhuri na jioni. Mtu akishazijua saa za mavi ya mbuzi kwenye jua la Mombasa, akifika Kwale hapati tabu.

#10 Bin_Kisauni

Na mavazi je? Nina suruali na jaketi la madoadoa ya jeshi, nilidhani ndiyo yenyewe.

#11 Mfuata_Nyayo

Liache nyumbani. Kenya raia kuvaa sare za kijeshi ni kosa, na hutaki kukutana na askari wa hifadhi msituni ukiwa hivyo. Vaa kaki iliyopauka, au kijani cha kijivu. Usivae buluu iliyokoza wala nyeusi: Shimba Hills kuna mbung'o, na rangi hizo ndizo wanazozifuata. Mbung'o wakikuandama huwezi kutulia, na mtu asiyetulia haonekani na mbung'o tu.

#12 Mvita_Baridini

Huku ni kinyume. Msimu wa bunduki sheria inakulazimisha kuvaa rangi ya chungwa kali au waridi kali, ili mwindaji mwenzako asikudhanie mnyama. Kulungu hasumbuliwi nayo, macho yake hayaoni wekundu kama sisi. Kinachomkimbiza ni mjongeo wako na harufu yako. Ami, tueleze upepo wa huko kwa msimu huu, nimeusahau.

#13 Mfuata_Nyayo

Upepo nilitaka niuwekee post yake, lakini kwa kuwa umeuliza.

Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki. Kwa kanuni ya jumla, machipukizi au maji uyaweke upande huo mbele yako, wewe ukae kusini-magharibi, upepo ukupige usoni. Lakini alfajiri mambo hubadilika. Usiku nchi kavu imepoa, na upepo mwembamba wa umande hutoka bara kuelekea baharini, kinyume na ule wa mchana. Jua likipanda matlai, upepo wa baharini, inaingia na kushika zamu. Kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi upepo hugeuka, wakati mwingine hata mara mbili, na wengi hupoteza mnyama saa hiyo bila kujua sababu. Ukihisi shingo inapoa, badala ya uso, gari liondoe taratibu usogee upande wa pili.

Mabondeni kuna jingine. Jioni jua likizama, hewa baridi huteremka mlima na kujikusanya chini, na harufu yako inateremka nayo. Ukiwa juu ya mteremko na kuro yuko mtoni chini yako saa 12 jioni, ameshakunusa. Bora ukae ubavuni mwa bonde, pembeni kidogo.

Beba mfuko mdogo wa kitambaa wenye majivu yaliyochekechwa. Utikise kidogo, vumbi lile litakuonyesha upepo ambao ngozi haiusikii. Fanya hivyo kila baada ya muda, usiridhike na kipimo cha kwanza.

#14 Bi_Mwanasha

Kaka nimeelewa. Jumamosi inshallah nitaingia. Nipange vipi siku?

#15 Mfuata_Nyayo

Uwe langoni likifunguliwa saa 12 asubuhi. Saa ya kwanza usihangaike na picha, pita polepole barabara za vumbi ukitazama nyayo zinazokatiza, na kila penye nyayo mpya za kundi andika zimetoka upande gani na zimeingia upande gani. Ukipata sehemu ambapo zimetoka msituni zikaelekea kwenye nyasi changa, hapo ndipo pako pa jioni. Pima upepo, chagua pa kuegesha gari kivulini, kisha ondoka kabisa eneo hilo. Mchana nenda Sheldrick na askari, umuulize kama ameona machipukizi mapya upande wowote, kwa sababu wiki moja tu yanaweza kubadilisha kila kitu. Rudi pahali pako saa 10 jioni, zima gari, usifungue mlango. Kumbuka kutoka kabla lango halijafungwa.

Na ukimpata yule dume mweusi, weka picha hapa, lakini tuambie pia ulikuta nini ardhini asubuhi kabla hujamwona.